Nani Alilishindilia Tuta Hili

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu amenipa daftari hili leo, na si kwa mapenzi. "Baba watoto," alisema, "habari za bwawa andika humu. Masikio yangu yamejaa." Nikamwuliza kama naruhusiwa kuandika na habari zake yeye. Akasema niandike nitakavyo, mradi nisimsomee.

Basi ndio naanza. Mimi ni mtunza bwawa. Mji mzima unakunywa maji ya bwawa hili, na kazi yangu ni kulitazama lisitukimbie. Kila asubuhi napanda juu ya tuta, nasoma kina cha maji, kisha nashuka upande wa mjini, chini kabisa, ambako maji machache hupenya na kutokea kwenye kijifereji. Tuta lolote la udongo huvuja kidogo. Hata mimi nikipanda ngazi za tuta navuja, na hakuna anayeitisha mkutano. Hapo chini pana bamba la chuma lenye pengo katikati. Maji hupita penye pengo, nami nasoma yamefika alama gani. Ila kubwa zaidi ni rangi. Yakiwa maangavu, tuta linatoka jasho tu. Yakiwa na tope, maji yanaubeba udongo wa ndani, yaani tuta linajila lenyewe kidogo kidogo. Na nyumba yangu iko chini ya tuta, kwa hiyo rangi ile naitazama kwa makini kuliko ninavyoutazama uso wa mke wangu.

Leo: maangavu. Mvua bado.

Jumatano, 5 Machi

Maangavu. Mawingu mengi, vitendo hakuna.

Ijumaa, 7 Machi

Mwenyekiti wa bodi ya maji amekuja na habari kubwa. Mwisho wa mvua hizi bwawa linatimiza miaka hamsini. Patajengwa jukwaa la mawe pembeni ya tuta, na juu yake kibao cha shaba chenye historia ya ujenzi.

"Historia yenyewe mnayo nyinyi wawili," akasema, akinielekezea mimi kidole kimoja na kingine nyumba ya machujio, yanakosafishwa maji ya mji. "Kaeni pamoja, mniandalie mistari minne."

Nikasema sawa. Ningesema nini? Ningemwambia mtu mwenye suti kwamba mimi na fundi wa machujio hatusemezani?

Fundi huyo ni mwanyumba wangu. Tumeoa dada wawili. Baba yangu ndiye aliyeendesha rola wakati wa ujenzi, akilishindilia tuta tabaka kwa tabaka, nami nilipakatwa juu ya rola hiyo kabla sijajua kupenga kamasi. Baba yake ndiye aliyeleta ng'ombe. Rola ilipoharibika, ng'ombe waliswagwa juu ya udongo mbichi, huku na huku, kwato zikafanya kazi ya chuma. Hayo yote ni kweli na hakuna anayebisha. Ubishi ni rola iliharibika mapema au mwishoni. Yaani, nani hasa alilishindilia tuta hili. Mwaka juzi, sebuleni kwangu, mbele ya wageni, nilisema ng'ombe wale walikuja kunya tu. Watu wakacheka. Yeye akajibu kwamba rola ya baba yangu ilifanya kazi siku moja, siku ya kupigwa picha. Watu wakacheka zaidi. Sisi wawili hatukucheka, na tangu siku hiyo tunazungumza kwa kupitia wake zetu.

Kazini yeye yuko pale juu ubavuni, mimi huku chini. Namwona akifungua vali, ananiona nikiinama kwenye bamba. Tunaangaliana kama mbuzi wa maboma mawili.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwambia mke wangu amwambie dada yake amwambie mumewe kwamba Mwenyekiti anataka historia. Mke wangu akaweka pasi chini.

"Simwambii."

"Humwambii nani?"

"Simwambii yeyote. Mimi na dada tumegoma tangu jana. Tumechoka kuwa mabomba yenu. Kutwa mko pamoja kazini mmenuniana, jioni mnatutuma: mwambie, amwambie, umwambie. Mkitaka kusema, vinywa mnavyo. Cha kwako hasa kinafanya kazi vizuri sana."

Mama mkwe, ambaye tunakaa naye na ambaye nilidhani amelala kitini, akapiga makofi.

Nimeona hili ni la siku mbili tatu tu. Wanawake hawa nawajua.

Jumatano, 12 Machi

Mvua imeanza, na si ya kujaribu. Maangavu. Malori ya mawe ya jukwaa yanapita ubavuni mwa nyumba ya machujio na kugeuza njia uji mtupu. Moja limezama, likavutwa kwa trekta, dereva akitukana hadi mama zetu wa kambo.

Alhamisi, 13 Machi

Maangavu. Mgomo unaendelea.

Jumatatu, 17 Machi

Maji ni ya kahawia.

Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama. Asubuhi nilishuka nikiwa na mwavuli, nikainama, nikadhani ni kivuli cha mwavuli. Nikaufunga. Maji yakabaki vile vile, rangi ya chai iliyochujwa na mvivu, na yamepanda juu ya alama ya kawaida. Nikachota kwenye chupa, nikaiinua kwenye mwanga. Tope. Nikainusa, sijui kwa nini. Nikakaa kwenye majani mabichi, suruali ikalowa, na hilo nalo niliona baadaye.

Nimepiga simu bodi. Mhandisi anakuja kesho.

Jumanne, 18 Machi

Mhandisi amekuja. Ni mwanamke wa umri wa binti yangu mkubwa, buti zake kubwa kuliko zangu. Nikamwongoza hadi kwenye bamba kama mtu anayempeleka daktari kwa mgonjwa, nimejiandaa kwa uso wa msiba.

Maji yalikuwa maangavu. Ungeweza kusomea gazeti humo ndani.

"Mzee," akaniuliza taratibu, "una uhakika?"

Nilimwonyesha chupa ya jana. Akaitikisa, akaitazama. Kwa bahati chupa ilikuwa ya kahawia kweli, la sivyo mimi mwenyewe ningejitilia shaka. Na hilo la "mzee" nimelimeza. Nina miaka hamsini na nne tu.

Alhamisi, 20 Machi

Kahawia.

Ijumaa, 21 Machi

Kahawia asubuhi. Nimerudi saa nne, maangavu. Nimerudi mchana, kahawia. Nimeanza kuzunguka pale kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwanyumba alikuwa amesimama mlangoni pa machujio ananitazama. Nimejifanya nachuma maua.

Jumatatu, 24 Machi

Mhandisi amerudi na amehamia hapa na hema lake la vifaa. Leo ameyaona mwenyewe maji ya kahawia, nami nikafurahi, kisha nikajishangaa. Mtu gani anafurahi kwa hilo?

"Sielewi, mzee," akasema. Nilimpenda kwa neno hilo. "Tuta linalojila huwa haliendi mapumziko. Likianza, linaendelea na kuzidi. Hili linakula asubuhi, linafunga mchana."

Akataka kujua sehemu ile ya tuta, inayotazama bamba, ilijengwaje. Michoro ya ujenzi ipo, lakini inaonyesha tuta lilivyotakiwa liwe, si lilivyokuwa. Akatuita mimi na mwanyumba juu ya tuta, mvua ikitunyeshea wote watatu.

"Sehemu hii ilishindiliwa na rola au na ng'ombe?"

Sasa hapa ndipo naona haya kuandika. Mwaka mzima na zaidi nimeapa kwamba tuta lote, shina hadi ncha, ni la rola ya baba. Nikajisikia nikisema, "Upande huu nadhani ni ng'ombe."

Mwanyumba akamgeukia Mhandisi. "Mwambie mtunza bwawa kwamba ng'ombe hawakuvuka ule mwamba uliochomoza katikati ya tuta. Huku ni kwa rola."

"Mwenyewe yuko hapa," Mhandisi akasema. "Anakusikia."

"Mwambie hata hivyo."

"Na wewe mwambie," nikasema, "kwamba aliwahi kuapa ng'ombe wa baba yake walilimaliza tuta zima, na kubaki na nguvu za kulima."

Mhandisi akatutazama mmoja mmoja, maji yakimtiririka puani. Wiki tatu zilizopita kila mmoja wetu alilitaka tuta lote. Leo tuta limekuwa mtoto asiye na baba.

Jumatano, 26 Machi

Mhandisi amekuja nyumbani kumwuliza mama mkwe, kwa kuwa ni katika wachache waliokuwapo wakati wa ujenzi na bado wana meno ya kusimulia. Mama alikuwa msichana, aliwapikia vibarua.

Alipoulizwa mara ya kwanza alisema rola ilifanya kazi yote, ikinguruma hadi sufuria zinacheza mekoni. Nikavimba kichwa. Mke wangu akaleta chai. Baada ya chai akasema, la, rola ilikuwa imekufa, walikuwa ng'ombe, na mmoja mwekundu aliteleza akavunjika mguu wakala nyama siku mbili. Mhandisi akafuta alichoandika. Mama akamtazama akifuta, akaona huruma.

"Andika hivi, mwanangu. Upande ule wa bonde, rola haikufika kwa sababu ya mteremko, na ng'ombe waliogopa. Ulikuwa udongo wa mfinyanzi, unanata kama gundi. Tukaitwa sisi wanawake, kila mtu na mchi wake. Tukatwanga."

"Mkatwanga tuta?" nikauliza.

"Wewe ulifikiri michi ni ya nafaka tu?"

Kisha akasinzia. Jioni nilipomkumbusha habari ya michi, akasema, "Michi gani tena, mkwe wangu? Mbona unanichanganya?"

Mimi ndiye ninayemchanganya.

Ijumaa, 28 Machi

Kahawia, maangavu, kahawia. Mvua usiku kucha.

Jumatatu, 31 Machi

Majibu ya maabara yamerudi. Mhandisi alipeleka tope la kwenye chupa na kipande cha udongo wa tuta, vilinganishwe. Ni udongo mmoja. Nikahisi maji yamenifika shingoni, na sijasema kwa mfano.

"Lakini," Mhandisi akasema, akishika tama, "udongo wa tuta ulichimbwa hapa hapa bondeni. Mto nao unaleta tope la bonde hili hili. Kwa hiyo maabara imetuambia kwamba bonde ni bonde."

Jumanne, 1 Aprili

Leo ni siku ya wajinga duniani kote. Maangavu kutwa nzima. Nimeliambia bwawa asante, nimelielewa.

Jumatano, 2 Aprili

Kikao. Mwenyekiti hakuvaa suti, nikajua mambo ni mabaya. Amesema hivi: ikifika Jumamosi asubuhi na hakuna aliyeeleza tope linatoka wapi, lango la chini litafunguliwa na bwawa litamwagwa hadi nusu ya nusu. Hatangoja tuta lipasuke watu wamelala.

Mhandisi akasema tukimwaga sasa hatutalijaza tena, mvua zimepita nusu. Kiangazi chote mji utakunywa nini? Mwenyekiti akasema kuna visima vitatu, viwili vina chumvi, na afadhali watu wapange foleni kuliko kupanga majeneza. Amesema kweli, na Mhandisi amesema kweli, na kweli hizo mbili haziwezi kukaa chumba kimoja.

Ufunguo wa gurudumu la lango ninao mimi. Uko mfukoni mwangu sasa hivi. Miaka yote nimeliendesha lango hilo robo mzunguko tu, kulipaka mafuta lisishike kutu. Jumamosi nitalizungusha hadi mwisho, na kila mzunguko nitajua kuna ndoo za mtu zinaondoka. Nisipolizungusha, na tuta likaondoka, sebule yangu ndiyo itakayotangulia.

Na bado sijui. Nimelitazama tuta hili maisha yangu yote, na leo likiniuliza habari zake siwezi kulijibu hata moja.

Amri nyingine: sisi wa chini ya tuta tuhame kuanzia leo, tukakae kwa ndugu walio juu. Ndugu wetu aliye juu ni mmoja tu.

Jumatano hiyo hiyo, jioni

Niko sebuleni kwa mwanyumba. Mke wangu na shemeji wanacheka jikoni kama wako harusini. Mama mkwe amepewa kiti cha mwanyumba, mwanyumba amekaa kwenye kigoda, mimi nimekaa kwenye begi la nguo zetu. Runinga imewashwa bila sauti. Sisi wawili tunaitazama kwa bidii.

"Hawa wanatazama nini?" mama akauliza.

"Matangazo ya sabuni, mama," mke wangu akajibu kutoka jikoni.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika haya mchana.

Asubuhi tulikuwa mezani, chai na mkate. Mwanyumba alikuwa wima, buti mguuni, anakunywa haraka haraka. Shemeji akamwambia akae amalize.

"Machujio hayaningoji, mama watoto," akamjibu. "Mto umechafuka mwaka huu. Kiangazi naosha mara moja tu, alasiri. Sasa naosha asubuhi, mchana, siku nyingine na jioni tena. Mchanga wa chujio unajaa tope kama sufuria iliyoungua. Juzi tu ndio nilipumzika, pampu ilikuwa inatengenezwa, sikuosha kabisa."

Mkate ulikuwa nusu njia kwenda mdomoni kwangu. Juzi ilikuwa Jumanne. Siku ya wajinga. Maangavu kutwa.

Na siku nyingine anaosha asubuhi na mchana, saa zile zile maji yangu yanapokuwa kahawia. Nikaona kitu kinakuja akilini, lakini kilikuja kinyumenyume, mkia kwanza, nikaogopa kukigusa kisikimbie.

"Maji unayapeleka wapi?" nikasema.

Mama mkwe aliweka kikombe. Mwanyumba alimtazama mkewe, amfikishie swali. Mkewe akatazama dari. Basi akageuka, polepole, akanitazama mimi, usoni, kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Amezeeka, nikaona. Bila shaka na yeye aliona hivyo hivyo.

"Maji gani?"

"Ya kuoshea machujio. Ile takataka. Ukishafungua vali, inakwenda wapi?"

"Mferejini."

"Mfereji unakwenda wapi?"

"Mtoni, chini kule. Siku zote."

"Umeuona lini?"

Akafikiri. "Mimi nafungua vali, yanaondoka. Sijawahi kuyafuata."

"Na mimi nayapokea kila siku, sijawahi kuyauliza yanatoka wapi."

Akakaa. Alikaa juu ya meza, sahani ikasogea. "Malori yale," akasema taratibu. "Lile lililozama, lilizama juu ya mfereji. Lilizivunja kingo. Mifereji ni kazi yako, mwanyumba, kwa hiyo nikasema uambiwe. Nilimwambia mke wangu amwambie mkeo akuambie."

Wote tukawageukia wale dada wawili.

"Lini?" mke wangu akauliza kwa sauti ndogo.

"Siku ile ile ya lori."

Shemeji akaziba mdomo kwa khanga. "Tulikuwa tumegoma," akasema.

Mama mkwe peke yake ndiye aliyeendelea kunywa chai.

Tulishuka wote wawili bila koti. Mfereji haupo. Pale lilipozama lori pamejaa mawe ya jukwaa na matope, na chini yake maji machafu yanaingia kwenye kifusi na kutoweka, kama wageni wanaoondoka bila kuaga. Mteremko kutoka pale unakwenda kwenye changarawe za chini ya tuta. Kutoka hapo, kwenye bamba langu.

"Ni haya," mwanyumba akasema.

"Nadhani ni haya," nikasema. Maana sikuwa na hakika. Wiki tatu hizi nimeshakuwa na hakika ya mambo mengi.

Ijumaa, 4 Aprili

Mwenyekiti hakukubali. Tulipomweleza alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno yaliyoniondolea furaha yote: "Pengine tope moja linatoka kwenye machujio na jingine kwenye tuta. Nitawatofautishaje? Si mmesema udongo ni mmoja?"

Mhandisi akatikisa kichwa. Alisema rangi ya dawa maalumu, ya kutia kwenye maji ya machujio tuone yanatokea wapi, ipo mji mkuu, itachukua siku tano. Mwenyekiti akasema Jumamosi ni kesho.

Mke wangu, ambaye hakualikwa kwenye kikao wala hakukaribishwa, aliuliza kutoka nyuma: "Lazima iwe rangi ya dawa?"

Akaondoka na dada yake. Walirudi na bluu ya kufulia, ile ya kung'arisha mashuka meupe, yote waliyoikuta kwao, kwa majirani na dukani. Mfuko mzima.

Mwanyumba akapanda na mfuko. Aliufunga mlango wa maji ya kwenda mjini, akakoroga bluu kwenye maji ya kuoshea, akatoka mlangoni akapunga kofia. Mimi, Mhandisi, Mwenyekiti na dada wawili tuliinama kwenye bamba.

Maji maangavu yalipita. Tukangoja. Yakapita tena, maangavu, bila haraka, kama yametumwa kutukebehi. Mwenyekiti akatazama saa. Nikashika ufunguo mfukoni, ukawa umepata joto la mwili kama kitu hai. Nikawaza: na kama maji ya mwanyumba yanakwenda kwingine kabisa? Na kama tuta kweli linajila, nami nimempa kila mtu tumaini la bure kwa sababu nilisikia neno moja nikila mkate? Juu kule mwanyumba alikuwa bado anapunga kofia, hajui aache lini.

Kisha pengo likaingia kivuli. Kahawia. Mwenyekiti akavuta pumzi aseme kitu.

Nyuma ya kahawia ikaja bluu.

Si bluu ya kubahatisha. Bluu ya sare ya shule. Ikapita kwenye pengo, ikaendelea, ikakolea, ikajaa kijifereji chote hadi majani ya pembeni yakapakwa.

"Tuta halina udongo wa bluu," Mhandisi akasema. "Na kabla hajafungua vali, tope halikuwapo."

Mwenyekiti alitazama kwa muda mrefu. Kisha akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. "Lango libaki limefungwa," akasema.

Sijui nilipandaje ule mteremko. Najua nilifika juu sina pumzi, na mwanyumba alikuwa bado na kofia hewani.

"Imekuwaje?" akauliza.

"Bluu."

"Bluu yote?"

"Hata buti za Mwenyekiti."

Tukasimama pale, watu wazima wawili, hatujui mikono tuiweke wapi.

Jumatatu, 7 Aprili

Maangavu. Mfereji unazibuliwa, mimi na mwanyumba na makoleo mawili. Mhandisi anasema niendelee kusoma bamba kila siku. Nikamwuliza, "Kwa hiyo tuko salama?" Akasema, "Kwa leo, mzee." Nimeshazoea la mzee.

Tumerudi kwetu. Mke wangu anasema mgomo haujaisha, umekuwa sheria.

Jumatano, 16 Aprili

Maangavu. Tumegombana na mwanyumba, ana kwa ana, kuanzia kwenye machujio hadi barabarani, habari ya rola iliharibika lini. Sauti zilifika nyumbani. Nilipoingia mke wangu alikuwa anaimba.

Ijumaa, 2 Mei

Bwawa limejaa. Maangavu. Historia tumeipeleka kwa Mwenyekiti: tuta lilishindiliwa nusu kwa rola na nusu kwa ng'ombe. Tulipatana mwamba ule uwe mpaka. Kila mmoja alipoteza nusu ya baba yake, tukashikana mikono. Kibao kinachongwa.

Jumamosi, 17 Mei

Sherehe. Mama mkwe ndiye aliyeombwa kufunua kibao, akiwa kati ya wachache waliobaki wa siku zile. Mimi nilimshika mkono mmoja, mwanyumba mwingine, tukatembea naye juu ya tuta kuelekea jukwaani.

Tulipovuka mwamba, kwenye mteremko ule wa bonde unaotazama bamba langu, alisimama. Tukadhani amechoka. Akaiachia mikono yetu, akashika fimbo yake kwa mikono miwili, akaiinua, akaishusha. Akaiinua tena, akaishusha. Taratibu, kwa mapigo, kidogo kushoto, kidogo kulia, na kila baada ya mapigo matatu alisimama, kama anayempisha mwenzake upande wa pili naye apige. Macho yake hayakuwa kwetu.

Kisha akatushika mikono tena. "Twendeni. Watu wanangoja."

Mwanyumba alinitazama juu ya kichwa cha mama. "Umeona?"

"Nimeona."

"Kibao kimeshachongwa."

"Najua."

Mama akafunua kitambaa, watu wakapiga makofi, shaba ikang'aa: rola na ng'ombe.

Jumapili, 18 Mei

Maangavu. Leo mwanyumba amekuja mwenyewe, amegonga mlango wangu mwenyewe, tukaenda wote wawili kukaa miguuni pa mama mkwe.

"Mama," nikasema, "habari ya michi. Ilikuwaje?"

Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kama anayechagua embe sokoni.

"Miaka yote hii mnagombania tuta lile," akasema, "na mimi niko hapa hapa kitini. Nani aliniuliza?"

"Sasa tunakuuliza, mama."

"Sasa nimesahau."

Akacheka hadi akakohoa, mke wangu akaja na maji ya kunywa. Akayanywa yote, akarudisha gilasi, akafumba macho. Mimi na mwanyumba bado tumekaa sakafuni. Tunasubiri aamke.